Masenta au wachezaji wa nje: nani wakubwa zaidi katika historia ya basketi?

Leo tuingie kwenye ule ubishi usioisha kwenye viwanja vya hapa Kampala. Katika historia yote ya basketi, nani wakubwa zaidi? Masenta, wale warefu wanaotawala chini ya ringi, au wachezaji wa nje, wale wanaoleta mpira na kutupa toka mbali?

Wengi wetu tulijifunza basketi kwenye simu, kwa hiyo tunajibu haraka: Jordan, Kobe, LeBron, Curry. Wote wa nje. Senta akitajwa, anatajwa mwishoni. Sisi tunasema tusikimbie hivyo. Senta ndo alikuwa mfalme wa mchezo huu kwa miaka mingi, na aliyemshusha si mchezaji wa nje peke yake. Kalamu ya watunga sheria ilisaidia sana.

Tuanze na zawadi ya MVP ya NBA, yaani mchezaji bora wa msimu. Toka 1960 mpaka 1980 masenta waliichukua kila mwaka, isipokuwa mwaka mmoja tu: 1964, alipoichukua Oscar Robertson. Bill Russell aliipata mara 5, na akaiongoza Boston kuchukua ubingwa mara 11 katika misimu 13. Kareem Abdul-Jabbar aliipata mara 6, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja, tarehe 2 Machi 1962.

Sasa angalieni sheria. Zamani, mchezaji mrefu aliweza kuudaka mpira ukiwa unashuka kuingia kikapuni. Katika miaka ya 1940 wakakataza, sababu ya warefu kama George Mikan. Mwaka 1951 NBA ikapanua eneo la chini ya ringi toka futi 6 mpaka futi 12, ili Mikan asikae karibu na kikapu. Mwaka 1964 wakalipanua tena mpaka futi 16, safari hii sababu ya Chamberlain. Kareem alipokuwa chuoni, vyuo vya Marekani vilikataza kudanki toka 1967 mpaka 1976. Watu hawabadilishi sheria kwa ajili ya mtu dhaifu!

Halafu mlango ukafunguliwa upande wa pili. Mwaka 1979 NBA ikaweka mstari wa pointi tatu. Mwaka 2001 ikaweka sheria kwamba mlinzi asikae chini ya ringi zaidi ya sekunde 3 kama hamlindi mtu. Mwaka 2004 ikakaza sheria ya kumshika kwa mkono mwenye mpira akiwa nje. Hatusemi Curry si fundi. Ni fundi kabisa. Tunasema alikuta njia imefagiliwa.

Njooni sasa nyumbani Afrika. Mwaka 1984, siku timu za NBA zilipochagua vijana, wa kwanza kuitwa hakuwa Jordan. Aliitwa Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Jordan alikuwa wa tatu. Mwaka 1994 Hakeem alichukua MVP, akawa mlinzi bora, akachukua ubingwa na MVP ya fainali, vyote katika msimu mmoja. Jordan hajawahi kufanya hivyo. Kuna wanaosema ati Hakeem alishinda kwa sababu Jordan alikuwa ameacha mchezo. Sawa, lakini 1995 Jordan alirudi, timu yake ikatolewa na Orlando, na Hakeem akaifunga hiyo hiyo Orlando kwenye fainali.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyetuacha Septemba 2024, alikuwa mlinzi bora mara 4. Alizima mitupo 3,289, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem. Manute Bol, mtoto wa Dinka, katika maisha yake yote ya NBA alizima mitupo mingi kuliko pointi alizofunga: 2,086 kwa 1,599. Hapo ndo video za simu zinatudanganya. Zinaonyesha mpira ulioingia. Hazionyeshi yule adui aliyefika karibu na ringi, akamwona Mutombo, akageuza mpira kurudi nje. Hakuna anayehesabu mtupo ambao haukutupwa.

Lakini tuwe wakweli, upande wa nje nao una hoja nzito. Senta hajiletei mpira. Kareem alichukua ubingwa mara 6, na kila mara alikuwa na gadi mkubwa pembeni: mara ya kwanza Oscar Robertson, mara 5 Magic Johnson. Jordan alichukua 6 bila senta wa kutisha. Hiyo hoja hatuwezi kuipita. Basi ukitaka mpangilio wetu: Jordan akae wa kwanza, lakini nyuma yake waje Kareem na Russell, na Hakeem asitoke kwenye kumi bora. Anayemweka Curry juu ya Hakeem atuletee sababu nyingine, si video.

Mbona tunaandika haya kwa vijana wakimbizi? Kwa sababu hapa kwetu ubishi huu unaamua maisha ya watu. Kijana mrefu akipita barabarani, watu wanamsimamisha, wanamwahidi Marekani. Mwenzake mfupi anaambiwa akakae pembeni aokote mipira. Wote wawili wanasomewa historia vibaya.

Mchukueni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe hapa hapa Kampala. Alikuwa anacheza mpira wa miguu, basketi akaianza karibu na 2019. Alipita kwenye akademi ya NBA kule Senegali, akavaa jezi ya City Oilers yetu katika BAL 2024, akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 kuingia NBA, akaelekea Phoenix. Urefu wake ulimfungulia mlango, ndiyo. Lakini warefu wako wengi Kampala, na Maluach ni mmoja. Kazi ndo iliyobaki. Hata Hakeem miguu yake myepesi ilitoka kwenye handiboli na mpira wa miguu. Na Mutombo alikwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa, ikabeba jina la mama yake.

Kwa wafupi, kumbukeni London, tarehe 20 Julai 2024. Sudan Kusini, nchi changa, ilikuwa mbele ya Marekani kwa pointi 16. Walishindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, LeBron akifunga sekunde za mwisho. Nani aliiongoza Sudan Kusini siku ile? Gadi wao Carlik Jones, ambaye hafiki mita 1.90: pointi 15, ribaundi zaidi ya 10, asisti 11. Ribaundi zote hizo, katikati ya majitu! Na aliyeijenga timu ile, Luol Deng, naye alikuwa mchezaji wa nje. Familia yake ilikimbilia Misri, na huko huko Manute Bol aliwafundisha kaka zake basketi. Senta alipanda mbegu, mchezaji wa nje akavuna, kisha akapanda tena.

Kwa hiyo kijana mrefu, usikubali kuambiwa shule haina maana. Mtu akikuahidi safari kwa sababu ya urefu wako, wazazi wako wamuulize: shule gani, nani atakuwa mlezi, hati yako ya kusafiria itashikwa na nani? Asipojibu, usipande gari lake. Kijana mfupi, usiondoke uwanjani. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, asanteni kwa mipira, lakini mkija kuchagua vijana msije na futi ya kupimia peke yake. Muwape wote muda wa kucheza.

Haya, wa upande wa Curry, uwanja ni wenu. Tuleteeni hoja zenu, na mje na miaka na namba.