Mumiani Yarudi kwa Jina la Shilajiti

Siku hizi mtu wa Kitengela au Kimana, huko Kajiado nchini Kenya, akitaka shilajiti hahangaiki kutafuta duka. Anaagiza kwa simu, na kikopo cha utomvu mweusi kinamfikia kwa bodaboda. Matangazo yanaahidi nguvu, hasa za kiume. Ajabu ni kwamba babu wa mnunuzi huyo, kama aliishi mjini, huenda aliikimbia dawa ya jamaa hiyohiyo.

Shilajiti hutoka kwenye nyufa za miamba ya Himalaya, na wataalamu wengi wanaiona kuwa masalio ya mimea iliyooza kwa karne nyingi. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, yaani tiba ya Kihindi, kinaisifu. Asia ya Kati wanaiita mumiyo. Pwani yetu ililetewa dawa ya jamaa hiyo kwa jina la mumiani, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza vizuri: kitu cheusi mfano wa gundi, kinachosemekana kutoka Uajemi, ambacho baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili walikitumia kutibu homa na mifupa iliyovunjika. Walijipaka, au waliiyeyusha katika samli wakainywa.

Lakini kamusi hiyo inaongeza jambo jingine. Wengi waliamini kwamba mumiani ni damu ya watu waliouawa, na uvumi ukizuka kwamba inatafutwa, watu walijifungia jua likitua. Tusiwacheke. Wazungu wenyewe waliwahi kuuza unga wa maiti za kale za Misri kama dawa. Katika enzi ya ukoloni hofu ikawaangukia wazimamoto: Nairobi walisemwa kuwa wanyonya damu, na Mombasa mwaka 1947 umati ulishambulia kituo chao. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu alichotoa mwaka 2000.

Wamaasai, kwa upande wao, walikuwa na njia yao ya kutafuta nguvu. Morani, yaani vijana wapiganaji, wakiwa olpul, kambi yao ya kula nyama porini, walikula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome ya olkiloriti, mti wanaoujua ulipoota.

Tukirudi kwa shilajiti, ina ushahidi kidogo. Jaribio la India lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa wanaume wa miaka 45 hadi 55 miligramu 250 za shilajiti iliyosafishwa mara mbili kwa siku, kwa siku 90. Testosteroni, homoni ya kiume, ikapanda kwa takriban asilimia 20. Waliojaribiwa walikuwa wachache, na walipewa dawa ambayo chanzo chake kilijulikana. Upande wa pili, watafiti waliponunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2004, 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Majaribio ya nyumbani ya kuuyeyusha utomvu katika maziwa au kuuchoma kwa kiberiti hayawezi kuonyesha sumu hizo. Hilo ni jambo la maabara, na kikopo kisichotaja kilikotoka wala usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu hakimpi mnunuzi hata pa kuanzia kuuliza.