Kompyuta ya Nyumbani Kitale na Bungoma: Historia na Suala la Lugha

Historia ya kompyuta nchini Kenya kwa kawaida husimuliwa kutoka Nairobi, nayo huwa ni historia ya mashirika: reli, benki, wizara na vyuo vikuu. Mtu atungaye programu kwa mapenzi yake tu, wala si kwa ujira, hajapewa nafasi anayostahili. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka Kitale na Bungoma, na kudai kwamba kiini chake ni lugha zaidi kuliko mashine.

Miji hii yote miwili ililelewa na reli. Tawi la Kitale lilifika mwaka 1926, na Bungoma iko kwenye njia kuu iendayo Uganda. Kitale, mji wa mahindi, ulivuta watu wa makabila mengi. Bungoma imo katika nchi ya Wabukusu. Sokoni husikika Kiswahili, darasani Kiingereza. Kompyuta iliingia kwa mlango wa darasa.

Huko Uingereza, mashine ya ZX Spectrum ilianza kuuzwa mwaka 1982 kwa pauni 125. Kijana aliiunganisha na televisheni ya nyumbani, akahifadhi programu zake katika kanda ya kaseti, na kujifunza BASIC, lugha iliyobuniwa Marekani mwaka 1964. Magharibi mwa Kenya nyumba nyingi hazikuwa na umeme, seuze televisheni. Hivyo hatua ile ya kompyuta ya nyumbani ilirukwa na walio wengi. Mahali pake pakachukuliwa baadaye na saiba.

Africa Online ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani. Lakini mlango wa kimataifa wa intaneti ulishikwa na shirika la simu la taifa hadi mwaka 2004, na nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Saiba ilitoza kwa dakika. Kwa sababu hiyo mpenda fani alikuwa na faida kuuandika ukurasa wake kwanza, akauweka katika disketi, kisha akalipia dakika chache za kuupeleka. Huduma za bure kama GeoCities ziliwapa watu wa namna hiyo makao. GeoCities ilipofungwa mwaka 2009, ni sehemu tu ya kurasa zake iliyookolewa.

Ugumu wa mtunzi wa Kiswahili haukuishia kwenye gharama. Mfano mmoja ni sauti ya ng'. Katika lugha nyingi za programu alama ya ritifaa hufungua na kufunga maneno. Mtunzi aandikaye neno "ng'ombe" bila tahadhari huikata sentensi yake katikati, na programu hukwama. Mfano wa pili ni ngeli. Kiingereza mara nyingi hutosheka kuongeza herufi moja mwishoni mwa nomino ili kuonyesha wingi. Kiswahili hudai "kitabu 1 kimepatikana", "vitabu 5 vimepatikana", "watu 5 wamepatikana". Programu isiyojua ngeli haiwezi kusema sentensi hizo kwa usahihi. Hapo mwanafunzi wa kompyuta hulazimika kuwa mwanafunzi wa sarufi.

Kuhusu istilahi, wataalamu walibuni "ngamizi" na "tarakilishi", la pili likiunganisha tarakimu na akili. "Tarakilishi" lilipata nafasi katika vitabu vya shule vya Kenya, lakini mitaani "kompyuta" lilishinda. Wakati huohuo, kazi kubwa zilifanyika mbali na miji hii: kamusi ya mtandaoni ya Kiswahili ilianzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kazi hizo zina kumbukumbu kwa sababu zilikuwa na taasisi nyuma yake. Kazi za watu binafsi hazina mlinzi. Disketi huharibika, na aliyeandika ukurasa mwaka 1999 huenda hakubakiza nakala. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kiko Bungoma kwenyewe. Idara za lugha zikiwa tayari kukusanya ngano na methali kabla hazijapotea, hapana sababu ya kuziacha kurasa hizi, ambamo Kiswahili kilijaribiwa katika uwanja mpya na watu ambao hawakutumwa na yeyote.