JPEG au PNG? Muundo ufaao picha si lazima ufae hati

Duka la intaneti mjini Meru au Embu hupokea kazi za aina mbili zisizofanana. Kuna picha za harusi na za mandhari ya Mlima Kenya; kuna pia hatimiliki za mashamba, vyeti vya KCSE na vitambulisho vinavyopitishwa kwenye skana. Zote zikihifadhiwa kwa muundo mmoja wa JPEG, nambari ya shamba huenda ikafifia.

Muundo huo, ulioidhinishwa mwaka wa 1992, hugawa picha katika miraba midogo yenye nukta 64 kila mmoja, kisha hutupa maelezo ambayo jicho la binadamu haliyatambui kwa urahisi. Anga iliyo juu ya kilele cha Batian haidhuriki sana, na faili huwa ndogo, jambo linalomfaa anayetuma picha kwa simu. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe ni suala jingine. Kingo za herufi huzungukwa na madoa ya kijivu, na faili ikibanwa kupita kiasi, 3 yaweza kusomwa kama 8. Aidha, kila inapofanyiwa marekebisho na kuhifadhiwa upya, hupoteza zaidi.

PNG ilizaliwa na mzozo. Mwishoni mwa 1994, watayarishaji wa programu za GIF, muundo wa 1987 wenye rangi 256 pekee katika picha, waliarifiwa kwamba wangelipia mbinu ya kubana iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Wataalamu waliokerwa wakabuni muundo usiolipiwa, na shirika la W3C likaupitisha Oktoba 1996. PNG hubana bila kupoteza nukta yoyote, hata ihifadhiwe mara mia. Nembo ya shule pia huweza kuwekwa juu ya rangi yoyote bila kuzungukwa na kisanduku cheupe.

Ubaya wake ni uzito: picha ya harusi katika PNG yaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya JPEG, na tovuti nyingi za maombi huweka kikomo cha ukubwa. Mwenye hati basi hufanya vyema kuweka nakala ya PNG kama asili, na kutoa ya JPEG kutoka kwayo inapohitajika. Kinyume chake hakisaidii, kwani kugeuza JPEG iliyofifia kuwa PNG hakurejeshi kilichotupwa. Karatasi yenyewe hurudishwa kwenye skana, iwapo bado ipo.