Moshi wa Mbegha na Leseni ya Wissmann

Wiki mbili zilizopita, katika semina ya historia ya ardhi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Nilikuwa nimetamka, kama wanavyotamka walimu wengi wa somo hili, kwamba kabla ya ukoloni wazee wetu waliwinda bila kuomba ruhusa ya mtu. Akanyoosha mkono: “Mwalimu, kama hapakuwa na ruhusa, mbona Mbegha alikimbia?”

Darasa lilicheka. Mimi nilirudi ofisini nikaitoa rafuni *Habari za Wakilindi*, nakala yangu ya mwaka 1962 iliyohaririwa na J.W.T. Allen, nikaisoma upya sura za mwanzo. Makala haya ni jibu langu kwa mwanafunzi yule, na pia ni masahihisho ya kauli yangu mwenyewe.

Kwa wasiokifahamu, kitabu hicho kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi miaka mingi miongoni mwa watawala wa Usambara, na kilichapishwa kwa mara ya kwanza katika sehemu sehemu na wamisionari wa Magila kati ya 1895 na 1907. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya historia ya bara vilivyoandikwa kwa Kiswahili na mwandishi wetu wenyewe. Ajabu ni kwamba vijana wengi wanamjua Shaka Zulu kuliko wanavyomjua Mbegha.

Mbegha alitoka Unguu. Alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia, na kwa hiyo jamaa zake walimtazama kama mkosi na wakamnyima urithi. Alikuwa fundi wa kuwinda nguruwe mwitu, akiwa na mikuki na mbwa wake. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mkuu wa huko, wakawa wanatoka pamoja kwenda mawindoni. Siku moja nguruwe alimwua kijana yule. Mbegha hakungoja kuulizwa; alitoroka usiku na wenzake. Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza la swali la mwanafunzi wangu. Kilindi hapakuwa na karani wa leseni, lakini palikuwa na mwenye nchi, palikuwa na mtoto wa watu aliyekabidhiwa kwa mgeni, na palikuwa na damu ya kulipwa. Mwindaji aliyekaribishwa alibeba dhamana ya kila kitakachotokea porini. Uhuru ninaousimulia darasani kila mwaka, ule wa mtu na mkuki wake na pori lisilo na mwenyewe, haumo katika kisa hiki.

Jibu la pili liko Usambara. Mbegha na wenzake walipopanda milimani hawakujitangaza. Walipiga kambi msituni, wakawinda, wakabanika nyama. Watu wa upande wa Bumbuli waliona moshi mahali ambapo hawakutarajia kuwa na watu, wakaenda kutazama. Walichokikuta ni wageni wenye nyama nyingi na wasio na chakula cha shamba. Wenyeji walikuwa na chakula cha shamba, na nguruwe walikuwa wakikila. Nyama ikaenda upande mmoja, vyakula vikaja upande wa pili. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, aliona uzito mkubwa katika mabadilishano haya: mtu wa pori na watu wa shamba wanaingizana katika uhusiano ambao baadaye unakuwa ukwe, na mwisho unakuwa utawala. Sifa za Mbegha zikafika Vuga. Njiani kwenda huko akamwua simba usiku, na watu wa Vuga wakampokea awe mkuu wao. Hata leo jina la heshima la watawala wa ukoo wake, Simba Mwene, linakumbusha usiku ule.

Tazama mpangilio wa mambo. Mbegha hakupewa ardhi ndipo akaruhusiwa kuwinda. Aliwinda kwanza, tena kwa kujificha. Ruhusa ilimjia baadaye, kidogo kidogo, kwa sababu kazi yake ilikuwa na faida kwa waliomkuta: aliyaokoa mashamba yao na akawalisha nyama. Ruhusa ile haikuwa tendo la siku moja. Ilihuishwa kila mara mzoga ulipogawanywa, na ingeweza kukoma iwapo mgeni angekula peke yake.

Nisieleweke vibaya. Kisa cha Mbegha ni kisa cha washindi. Kinawafurahisha Wakilindi kuambiwa kwamba babu yao aliombwa kutawala, na msomaji makini lazima ajiulize waliokuwa na mamlaka Vuga kabla yake walisema nini. Wabondei walikuwa na maoni yao kuhusu ukarimu wa Wakilindi: mwishoni mwa miaka ya 1860 waliinuka dhidi yao katika vita vilivyojulikana kama Kiva, wakawaua wengi na kuwafukuza wengine. Wajukuu wa mwindaji walikuwa wamekwisha kuwa wauza watu. Sihitaji kuwapamba ili hoja yangu isimame. Inanitosha kwamba katika simulizi ile, na katika uasi ule, wenyeji wanaonekana kama watu wenye haki ya kukaribisha na haki ya kufukuza.

Haki hiyo iliondolewa kwa muda mfupi sana. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga wa uzao wa Mbegha. Mnamo Novemba 26 mwaka huohuo, amri ya Kaisari ilitamka kwamba ardhi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe anayetambulika ni mali ya dola. Mwezi Mei 1896 gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya wanyamapori iliyohitaji leseni kwa uwindaji na kutenga maeneo ya kwanza ya akiba. Chifu, ardhi, mnyama: vyote katika muda usiozidi miezi kumi na minane. Katika vitabu vyetu vya kiada mambo haya yako katika sura tatu tofauti, moja ya upinzani, moja ya uchumi wa kikoloni, na moja (kama ipo) ya mazingira. Ninashuku kuwa mgawanyo huo wa sura ndio unaotuzuia kuona kwamba lilikuwa jambo moja.

Wissmann hakuwa mjinga. Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imewamaliza tembo katika maeneo mengi, bunduki zilikuwa nyingi, na Wazungu wenyewe walikuwa wakiua bila kiasi. Hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini dawa aliyoichagua ilimhamisha mtoa ruhusa kutoka kwa mtu ambaye shamba lake liko kando ya pori kwenda kwa afisa wa bomani ambaye hana shamba. Na ada ya leseni kwa fedha taslimu ilimfaa zaidi mgeni mwenye bunduki kuliko kijiji chenye wavu.

Suala la wavu linastahili kukaliwa kidogo. Katika Uzaramo na kusini yake, wanaume waliwinda kwa pamoja. Nyavu zilitandazwa, mbwa na watu wakaswaga, nguruwe wakanaswa. Huo ulikuwa ulinzi wa mazao kama ulivyokuwa utafutaji wa kitoweo. Sheria za Kijerumani za uwindaji zililenga hasa mbinu hizi za pamoja, za nyavu na za kuswaga kwa moto, kwa sababu machoni pa muungwana wa Kizungu zilikuwa uchinjaji, wakati risasi ya mtu mmoja ilikuwa mchezo wa heshima. Mwaka 1902 yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa chini ya maakida na majumbe. Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu njaa na nguruwe katika Uzaramo, ameonyesha jinsi mambo haya yalivyokutana: wanaume wametolewa majumbani kwa kazi, nyavu zimekatazwa, nguruwe wameongezeka, na wanawake wamebaki kukesha mashambani wakipigania mihogo na mtama. Mwezi Julai 1905 pamba iling'olewa Matumbi na vita vya Majimaji vikaanza.

Wenzangu wengine wanaona kwamba Sunseri anawapa nguruwe uzito kupita kiasi. Majimaji ilikuwa na sababu nyingi, na kodi na kiboko vinabaki pale pale. Hata hivyo nimewahi kukaa na wazee wa vijiji vya pwani wanaolima kando ya msitu, na sijamwona hata mmoja aliyecheka nilipomweleza kwamba nguruwe anaweza kusababisha vita.

Waingereza walibadilisha maneno zaidi kuliko mambo. Walitunga sheria ya wanyamapori ya 1921, wakalipanua pori la kusini mwaka 1922 na kulipa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa Behobeho vitani mwaka 1917. Mwaka 1923 sheria ya ardhi ikaiweka ardhi yote ya umma chini ya gavana. Katika miaka ya 1940 watu wa Liwale walihamishwa kutoka maeneo yao kwa hoja ya malale, na pori likapanuka nyuma yao. Jambo la kuzingatia ni kwamba jina la Selous, mwindaji wa pembe za ndovu, lilibaki kwenye ramani kwa karibu karne nzima, ilhali mtu wa Liwale aliyetega swala katika makaburi ya babu zake aliitwa jangili. Tofauti kati yao ilikuwa karatasi.

Chini ya milima ya Mbegha kuna nyika ya Mkomazi. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki, kisha mwaka 1988 serikali yetu, si ya kikoloni, ikawaondoa wote. Walikwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani, mwaka 1999, haikuwarudishia ardhi. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba Wamasai hawakuwa watu wa kwanza kufika katika eneo lile. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka Mbegha. Kama kipimo cha haki ni kufika kwanza, basi ukoo wa Wakilindi haukuwahi kuwa na haki ya kitu chochote Usambara. Mila yenyewe haikutumia kipimo hicho peke yake. Iliuliza ulifika kwa nani, ulimpa nini, na tangu hapo mmeishi vipi. Mahakama iliazima neno “mila” bila kuazima maswali yake.

Na pori lenyewe lilipofutiwa watu, dola huru ilirithi nafasi ya gavana takriban neno kwa neno. Tume ya Rais ya Uchunguzi kuhusu Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba umiliki wa msingi wa ardhi ya vijiji utoke kwa mkuu wa dola na kukabidhiwa mikutano mikuu ya vijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sheria za Ardhi za 1999 zilibakiza ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ikafanya hivyo hivyo kwa wanyama. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ilileta jumuiya za hifadhi, ambamo vijiji hutenga ardhi yao na kupata sehemu ya mapato ya utalii na uwindaji. Ni hatua, na kuna vijiji vilivyojenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo. Sitaki kuwa mtu wa kubeza kila kitu. Lakini kijiji kinatoa ardhi, na idadi ya wanyama wa kuwindwa inapangwa na kuidhinishwa na mamlaka ya serikali. Mgeni mwenye bunduki ya thamani anapofika, moshi wake unaonekana wizarani kwanza. Kijiji kinauona akiwa amekwisha kupiga kambi.

Wasomaji wangu walio watumishi wa umma watasema, kama walivyoniandikia siku za nyuma, kwamba tembo wetu waliteketezwa katika miaka ya 1970 na 1980 na tena baada ya 2009, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji hauwezi kupambana na magenge ya pembe. Ninakubali kuwa hauwezi peke yake. Ninachouliza ni kwa nini miaka yote hiyo ya uteketezaji ilikuwa miaka ambayo ruhusa ilikuwa mikononi mwa dola peke yake.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, karibu na Ziwa Eyasi, walipata hatimiliki za kimila za ardhi yao, kwa pamoja kama jamii, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Miaka minne kabla yake walikuwa wamepinga, kwa mafanikio, mpango wa kulifanya eneo hilo uwanja wa uwindaji wa kampuni ya kigeni. Nimekwisha kumpa mwanafunzi yule kazi ya kuzisoma sheria mbili sambamba, ile ya vijiji ya 1999 na ile ya wanyamapori ya 2009, kisha aniandikie kurasa tano juu ya jambo moja tu. Hati ile inataja mipaka, miti na matumizi ya malisho. Pundamilia anapovuka mpaka na kuingia ndani ya ardhi hiyo, mdhamini wake bado yuko Dodoma.