Wafanya Biashara Wawili wa Maneno

Mtu atokaye mji wa Murang'a, ambao zamani uliitwa Fort Hall, akishika njia iendayo Nyeri, hufika Karatina, mji mdogo wenye soko kubwa. Na kama akigeukia magharibi badala ya kwenda kaskazini, akapanda migongo ya vilima iinukayo kuelekea Nyandarua, atafika Kangema. Huku na huku hununuliwa na kuuzwa chai, kahawa, mahindi na viazi. Lakini walitoka huko watu wawili waliouza bidhaa nyingine kabisa. Gakaara wa Wanjau, mtu wa Nyeri aliyeweka mtambo wake wa kupiga chapa Karatina, aliuza maneno juu ya karatasi. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, aliuza maneno ndani ya sauti.

Watu wengi hudhani kwamba mtunzi hawezi kuwa mfanya biashara, kwa maana kichwa chake kimejaa ndoto, na hesabu humchosha. Mimi sikubali, wala sikatai moja kwa moja. Na tuwatazame hawa wawili.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisoma katika shule ya Alliance, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi, akaingia jeshini kuwa karani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alirudi na fikira ambayo kwa siku zile ilikuwa ngeni: kwamba Mwafrika asiandike tu, bali awe pia mwenye kitabu. Mwaka 1946 yeye na wenzake walianzisha chama cha biashara kilichoitwa African Book Writers, na mwaka huo huo hadithi yake ya Kikikuyu juu ya mambo ya ndoa, Uhoro wa Ugurani, ikatolewa. Aliandika pia kwa Kiswahili, insha iitwayo Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Wakati huo Henry Muoria wa Kabete alikuwa akitoa gazeti lake, Mumenyereri, lililoanza mwaka 1945, na bila shaka mafanikio ya gazeti lile yaliwapa moyo wote waliotaka kuishi kwa kalamu.

Yafaa tufahamu jinsi biashara hii ilivyo. Katika kazi ya kupiga chapa, gharama kubwa hutangulia. Siku zile herufi zilipangwa moja moja, karatasi zilinunuliwa, mafundi walilipwa, na hayo yote yalifanyika kabla mtu mmoja hajatoa senti. Nakala ya kwanza ni ghali mno. Ya elfu ni rahisi. Kwa hiyo mchapaji hupata faida kwa wingi wa wasomaji tu, na Gakaara alichagua kuandika hasa kwa lugha ya watu wake, hali wengi wao walikuwa hawajajua kusoma. Mshauri wa biashara angalimwambia aache. Lakini kuna jambo ambalo mshauri huyo asingeliona: waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na kijitabu kimoja kikapita mikono mingi. Jina la mwandishi lilienea kuliko fedha zake.

Ndipo ulipofika usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Alikuwa ametoa maandiko yaliyowaudhi watawala, hasa Imani ya Gikuyu na Mumbi, iliyoandikwa kwa mfano wa Imani ya Kikristo. Duka na bidhaa vikawa kama havikuwako. Akafungwa kizuizini muda wa miaka saba hivi, pamoja na kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na huko akaandika kumbukumbu zake za kila siku kwa siri. Fikiri, msomaji: mtu amenyang'anywa soko, wanunuzi na mtambo, asijue kama atatoka hai, na bado anaiweka bidhaa yake ghalani. Kumbukumbu hizo zilitolewa kuwa kitabu mwaka 1983, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Noma, ambayo ilikuwa heshima kubwa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Biashara gani nyingine hungoja miaka thelathini kabla ya kuona mnunuzi?

Kamaru alizaliwa mwaka 1939. Alikwenda Nairobi akiwa kijana, akafanya kazi ndogo ndogo mpaka akapata gitaa, na mwaka 1967 wimbo wake Celina ukampatia jina. Hapa soko ni la namna nyingine. Santuri haihitaji mtu ajuaye kusoma. Ikichezwa katika hoteli moja kando ya barabara, kila apitaye husikia bure, na asikiaye bure leo ndiye atakayenunua kesho. Bidhaa hujitangaza yenyewe.

Lakini katika siku zile mwimbaji alikuwa mtu wa mwisho kula. Mara nyingi alilipwa mara moja tu kwa kazi ya kurekodi, kisha santuri ikawa mali ya mwenye mitambo, hata kama ilivuma nchi nzima. Kamaru aliona jambo hilo mapema. Alifungua duka lake Nairobi, City Sounds, katika mitaa ya River Road, ambayo ndiyo iliyokuwa soko la muziki wa Kikikuyu, akatoa nyimbo zake na za wengine. Kwa hesabu ya biashara, hatua hiyo ni kubwa kuliko wimbo wake wowote. Wengine walimfuata, na waimbaji wengi wa Murang'a, hasa wa Gatanga, walipata njia.

Pia alijua kwamba ugomvi huuza. Mwaka 1969 alitoa Ndari ya Mwarimu, wimbo juu ya mwalimu na mpenzi wake mwanafunzi. Walimu walikasirika, chama chao kikatishia mgomo, na hapana shaka kelele hizo zilifanya kazi ambayo tangazo la gazeti lisingeweza. Mwaka 1975, baada ya kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki, aliimba maombolezo yake wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitaja jina hilo barabarani. Wimbo huo sihesabu kuwa ujanja wa biashara. Hatari yake ilikuwa kubwa kuliko faida. Hata hivyo, mwaka 1980 aliandamana na Rais Moi safarini Japani, akaitungia wimbo safari hiyo. Nao waliosema kwamba alijua upepo unakovuma hawakukosa hoja.

Nikilazimishwa kuchagua, nitasema Kamaru alikuwa mfanya biashara bora, kwa kuwa aliubadili mpango wa soko lenyewe. Kwa utunzi sithubutu kuamua, maana wimbo na kitabu havipimwi kwa kibaba kimoja. Lakini Gakaara alimshinda kwa jambo moja: bidhaa yake haikuwa rahisi kuibiwa. Kanda za kaseti zilipoenea, kila mwenye redio ya kaseti akaweza kunakili wimbo jioni na kuuza asubuhi, na wenye maduka ya santuri wakaumia sana. Mwaka 1993 Kamaru aliacha nyimbo za dunia, akaanza kuimba za dini.

Gakaara alifariki mwaka 2001, akiwa ameendelea kwa miaka mingi kutoa hadithi zake za Wa-Nduuta huko Karatina. Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba, 2018. Mjukuu wake, ambaye jina lake pia ni Joseph Kamaru na ambaye ni mwanamuziki, amezitoa upya baadhi ya nyimbo za babu yake kwa njia ya intaneti.