Homa Haina Miguu: Somo la 1918 kwa Kisii na Nyamira

Leo tuongee historia kidogo, lakini ni historia yenye inatuhusu.

Kuna kitu kinanikera sana hapa kwetu. Mtu akikohoa wiki nzima, tunasema "ah, ni homa tu." Akifa, na wiki hiyo hiyo mwingine wa boma hilo afuate, swali linabadilika ghafla: "Ni nani amewafanyia hivi?" Katikati ya hayo mawili kuna swali ambalo karibu hakuna mtu huuliza: ugonjwa umepitia wapi? Mimi naamini hilo ndilo swali la maana, na historia yetu inaonyesha kwa nini.

Turudi 1918. Vita Kuu ya Kwanza inaelekea kuisha, na homa kali inazunguka dunia. Watu waliiita homa ya Kihispania, ingawa haikutoka Uhispania. Uhispania haikuwa vitani, kwa hivyo magazeti yake yaliandika wazi kuhusu wagonjwa, wakati nchi zilizokuwa zinapigana zilificha habari zao. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya watu wote duniani waliambukizwa, na kama milioni 50 wakafa. Wengi hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40.

Kenya iliingiaje? Kupitia bandari ya Mombasa, Septemba 1918, kwa meli. Kutoka hapo fuata reli. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na homa ilipanda treni kama abiria mwingine yeyote: Mombasa, Nairobi, halafu Nyanza. Wakati huo Kisii na Nyamira hazikuwa kaunti mbili. Zote zilikuwa ndani ya wilaya moja, South Kavirondo, katika mkoa wa Nyanza. Hakukuwa na reli ya kuja kwetu. Ukitoka Kisumu ulivuka ziwa kwa meli mpaka Kendu Bay, halafu ukapanda milima mpaka Getembe, mahali tunaita Kisii town leo. Chora hiyo mistari kwenye karatasi na utaona jinsi kitu kilichoshuka melini pwani kinaweza kufika kwa mkulima ambaye hajawahi kuona bahari.

Sasa ongeza vita. Kisii yenyewe ilipiganiwa Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani wakipigana pale pale mjini. Baadaye serikali ya kikoloni ikachukua vijana wetu kwa lazima wakabebe mizigo ya jeshi huko Tanganyika. Hao ndio Carrier Corps, na jina la mtaa wa Kariakor kule Nairobi limetoka hapo. Makumi ya maelfu ya wabebaji hawakurudi, na waliouawa na magonjwa ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Fikiria kambi zimejaa watu wachovu, wenye njaa, wanalala wamebanana. Halafu vita vinaisha Novemba 1918, na waliobaki wanaanza safari ya nyumbani, wakati ule ule homa iko njiani. Kirusi hakingeomba nafasi nzuri kuliko hiyo.

Kinafanyaje kazi? Mtu mwenye homa ya mafua akikohoa, akipiga chafya au hata akiongea karibu nawe, anatoa matone madogo yenye virusi. Unayavuta, au mkono wako unagusa mahali yameanguka halafu unajigusa pua au macho. Siku 1 hadi 4 baadaye unaanza kuumwa. Ubaya ni kwamba unaweza kuambukiza wengine hata siku moja kabla hujajisikia vibaya. Kwa hivyo unapanda matatu ukiwa mzima kabisa, na bado umebeba.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Mgonjwa mmoja anaambukiza wawili, hao wawili wanaambukiza wanne, na kila hatua inachukua kama siku 3. Hatua ya kumi unapata wagonjwa wapya 1,024. Hiyo ni mwezi mmoja tu! Kwa maisha ya kawaida kasi hupungua, maana wengine wana kinga na wengine hukaa nyumbani, lakini umeelewa picha.

Mwaka 1918 hakuna daktari aliyejua adui ni nani. Wengi waliamini ni bakteria. Kirusi cha homa ya binadamu kilitambuliwa London mwaka 1933, miaka 15 baadaye. Kwa hivyo babu zetu wana udhuru. Sisi hatuna.

Usiseme hiyo ni story ya zamani. Mwaka 2009 homa ya H1N1 ilipotokea tena, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya alikuwa mwanafunzi Mwingereza aliyekuja Kisumu na wenzake. Kisumu tena! Mwaka 1918 ilikuwa meli na treni. Safari hii ilikuwa ndege. Na kutoka Kisumu kuja Kisii siku hizi ni matatu moja tu, kupitia Oyugis.

Sasa nirudi kwa lile swali la "nani." Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hapa Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, kina mama wazee wanne waliuawa kwa madai hayo hayo. Sisemi homa ndiyo ilianzisha mambo hayo. Nasema jamii ikizoea kutafuta mtu wa kulaumu badala ya kutafuta njia ya ugonjwa, nyanya fulani aliye peke yake atalipa deni ambalo si lake. Watu wawili wa boma moja wakiumwa wiki moja, hiyo si siri. Wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanavuta hewa moja.

Na tuache kuita kila kitu homa. Malaria inaletwa na mbu, na neti inakukinga. Mafua yanapita hewani, na neti haisaidii kitu. Ukinunua dawa ya malaria bila kupimwa, unatupa pesa na unachelewa. Antibiotiki nayo haiui kirusi.

Ukiumwa, kaa nyumbani ukiweza. Usimpeleke mtoto anayekohoa shuleni. Kwa matanga, salimia kwa mdomo, watu wataelewa. Fungua dirisha la matatu hata kama kuna baridi ya Keroka. Mtoto akipumua haraka haraka au kifua kikiingia ndani, hiyo si "homa tu," kimbia hospitali. Wajawazito, wazee na wenye pumu pia wasingoje.

Homa haina miguu. Inatembea kwa yetu, na miguu yetu tunaweza kuiamuru.