Neno 'Dirhamu' Lilianzia Wapi?

Tunapofundisha maneno ya mkopo, wengi wetu tukifika kwenye 'dirhamu' huandika ubaoni 'Kiarabu' kisha tukaendelea. Nasi tumefanya hivyo miaka mingi. Kumbe asili ya neno hilo ni Ugiriki ya kale, kwenye sarafu iliyoitwa drakma.

Wagiriki walilihusisha jina hilo na kitenzi chao chenye maana ya kushika kwa kiganja. Inasimuliwa kwamba kabla ya sarafu walitumia vyuma virefu mfano wa vijiti vya mishikaki kama pesa. Kimoja kiliitwa oboli, na sita vilijaza mkono. Hata sarafu zilipoingia hesabu haikubadilika: drakma moja ilikuwa oboli sita.

Drakma ya Athens ilikuwa na gramu 4.3 hivi za fedha, iliyochimbwa Laurion kwa jasho la watumwa. (Wagiriki nao, kama sisi, walitumia neno moja kwa madini hayo na kwa pesa.) Iliyovuma zaidi ni sarafu ya drakma nne, yenye kichwa cha Athena upande mmoja na bundi upande wa pili.

Waajemi walilichukua neno hilo, na Waarabu wakalipokea kutoka kwao. Mwishoni mwa karne ya 7 Khalifa Abd al-Malik aliondoa sura ya mfalme wa Kiajemi kwenye dirhamu, akaweka maandishi matupu. Kwa Waarabu ndiko Kiswahili kilikolipata.

Ugiriki yenyewe iliiacha drakma mwaka 2002, ikashika yuro. Dirhamu ingali ikitumika Moroko na Falme za Kiarabu.